Tupige Picha Kuta Zingali Zimesimama

Msikilizaji, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la namna hiyo likianguka, picha za kawaida hutubakishia upande mmoja tu. Picha ya nyuzi 360 humweka mtazamaji katikati ya ukumbi. Akigeuza shingo anaona mlango, akiinua macho anaona dari.

Kamera yenye lenzi pana hufungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ikazungushwa hatua kwa hatua, kila picha ikipandana na jirani yake. Ugumu uko kwenye mzunguko. Mhimili wake usipite katikati ya kamera, bali pale mwanga unapoingilia kwenye lenzi. Ukikosea, nguzo iliyo karibu itahama mbele ya ukuta wa nyuma, na programu ya kuunganisha picha itakupa nguzo iliyokatika, au mbili mahali pa moja. Kipimo cha mwanga nacho kisibadilike, la sivyo anga litajaa mabaka.

Mradi uitwao Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, umeyapima na kuyapiga picha magofu ya Kilwa Kisiwani. Tunaushukuru kwa dhati. Lakini kazi hii isingoje wageni. Vijana wetu wanayo maarifa. Wenye dhamana ya majengo ya kale, wafungulieni milango mwaka huu.