Tukitengeneza Jiko, Tuanze na Moshi
(Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi si mchezo. Tulianza kwa kukopeshana mitaji ya vitumbua na mboga. Leo maombi mengi mezani ni ya kutengeneza jiko la nyumbani. Nafurahi, ila nina neno.

Mwingine akipata mkopo anakimbilia vigae na friji, huku dirisha la jiko ni kama tundu la panya. Jamani, tuanze na moshi! Anayeuvuta ni wewe na mtoto wa mgongoni. Weka madirisha pande mbili, hewa ipite. Na mkaa usiwashwe kwenye chumba kilichofungwa. Sumu yake haina harufu, inaua watu usingizini.

Ukinunua gesi, jua kwamba ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini, kwa hiyo acha matundu ukutani karibu na sakafu. Mpira ukague kwa povu la sabuni, siyo kiberiti. Tena piga hesabu: mtungi wa kilo 6 ukiisha, pesa ya kujaza itatoka wapi? Friji nayo inakula umeme kila siku. Ije mwisho, isipokuwa kwa anayeuza barafu na juisi.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie kupikia. Sisi tusingoje.

Naiomba kamati: mkopo wa jiko uanze na dirisha. Tusije tukamaliza deni, kifua kimeshaharibika.

Akina mama oyee!