Kurejea Shabaha Baada ya Kuiacha

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu mkono wa kutenda, jicho la kuona na akili ya kupima, kisha akamtaka avitunze. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri. Mcha Mungu huogopa kufanya maovu, na huogopa pia kuipoteza neema aliyokwisha kupewa.

Watu wetu husema kwamba ujuzi hauzeeki. Neno hili ni jema, nalo limewatia moyo wazee wengi. Lakini lina mpaka wake. Ujuzi hauzeeki kwa mwenye kuutumia. Ama kwa mwenye kuuacha, ujuzi hulala, na ukilala sana hufa. Leo tunataka kuzungumza juu ya mtu aliyejifunza jambo, akaliweza, akaliacha miaka mingi, kisha akataka kulirejea. Mfano tutakaoushika ni ule uliotajwa na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, nao ni kulenga shabaha.

Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa habari ya Sahaba mtukufu Uqba bin Amir Al-Juhani, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Huyu alikuwa mtu wa Qurani, mashuhuri kwa sauti yake nzuri ya kisomo, na alipata kuwa liwali wa Misri katika zama za Muawiya. Alifariki mwaka 58 wa Hijra, sawa na mwaka 678, na kaburi lake liko Cairo. Uzeeni mwake alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, akitupa mishale upande huu, kisha akitembea kuiokota na kuitupa upande wa pili. Mtu mmoja akastaajabu, akamuuliza kwa nini anajitaabisha hivyo na hali yeye ni mzee na kazi yenyewe inamwelemea. Uqba akamjibu kuwa, lau si neno alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), asingejipa taabu hiyo. Na maana ya neno hilo ni kwamba aliyejifunza kutupa mishale kisha akaacha, huyo si katika sisi, au ameasi.

Zingatieni, ndugu zetu. Onyo hili halikumshukia asiyejua. Limemshukia aliyejua akaacha. Imamu Nawawi, katika sharhe yake, ameeleza kuwa hili ni kemeo kubwa kwa mwenye kuusahau ujuzi huo baada ya kuupata, na kwamba kuuacha bila ya udhuru ni jambo lenye kuchukiza sana. Qurani nayo, katika Sura An-Nahl, imetupigia mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe. Mfano huo umekuja juu ya viapo, lakini kila mwenye kuiharibu kazi yake mwenyewe baada ya kuitimiza ana fungu lake ndani yake.

Zama zetu, mahali pa mshale pameshikwa na bunduki na bastola. Wako wanaozibeba kwa kazi: askari wa polisi, mlinzi wa benki, mhifadhi wa mbuga. Wako raia waliopewa kibali cha serikali, na huku Tanzania jambo hilo linaongozwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Wako pia wanaoshindana michezoni. Miongoni mwa hao wote, mtu anayehitaji nasaha zaidi si mwanafunzi mpya. Mwanafunzi mpya anajua kuwa hajui. Huuliza, huogopa, hufuata anayoambiwa. Wa kuogopewa ni yule aliyefuzu zamani, akaifungia silaha yake sandukuni miaka kumi, kisha siku moja akaitoa akidhani kuwa mkono wake ni ule ule. Anakumbuka jinsi alivyokuwa, wala hajui alivyo sasa.

Mfikirieni mlinzi wa namna hiyo. Usiku anasikia kishindo uani. Anashika bastola ambayo hajaifyatua tangu aliposifiwa ujanani. Jicho lake limepungua nguvu, kidole chake kimesahau upole, na moyo unampiga. Anafyatua, na kumbe aliyepita ni kijana wa jirani. Je, atasema kuwa hakukusudia? Ni kweli hakukusudia. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Sura An-Nisaa, hakuliacha kosa la kuua bila ya kukusudia lipite hivi hivi. Ameweka juu yake kumwacha huru mtumwa Muumini na kuwapa jamaa wa marehemu diya, ila wenyewe wakisamehe. Na asiyepata mtumwa afunge miezi miwili mfululizo. Ikiwa aliyekosea ana deni kubwa namna hiyo, basi ni lipi deni la yule aliyeuacha ujuzi wake upotee na silaha akaendelea kuibeba?

Sasa, njia ya kurejea ni ipi? Ya kwanza ni adabu, kabla ya shabaha. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba mwenye kupita na mishale katika msikiti au sokoni aishike kwenye ncha zake, isije ikamdhuru Mwislamu. Alikataza mtu kupewa upanga ukiwa umechomolewa alani. Akaeleza kuwa mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma hulaaniwa na Malaika mpaka akiache, hata akiwa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Yaani hata kwa mzaha. Na Ibn Umar alipowaona vijana wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, aliwaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Katika mafunzo haya mna kila kanuni inayofundishwa leo katika viwanja vya shabaha: mtutu usielekezwe kwa mtu; kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi; kidole kisiguse kifyatuo mpaka mtu amekwisha kulenga; na mlengaji ajue nini kiko nyuma ya shabaha yake.

Ya pili ni kurudi kwenye alifu. Mtoto aliyetoroka chuoni miaka miwili, mwalimu wake hampokei kwa msahafu. Humkalisha na kumsomesha herufi tena, naye akiwa na akili hatachukia, kwani atazipita upesi kuliko mara ya kwanza. Vivyo hivyo mwenye bastola. Aende kwenye uwanja uliohalalishwa, mbele ya mwalimu. Risasi zote zitolewe na kuwekwa mbali, chumba cha risasi kitazamwe mara mbili. Kisha kwa silaha hiyo tupu ajifunze tena kusimama, kushika, kupumua, na kuvuta kifyatuo polepole hata kile kinundu cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu kisitikisike. Kinachoharibika mwanzo kwa mwenye kuacha ni huku kuvuta kwa upole. Mkono ulioacha mazoezi huungojea mshindo, na kwa kuungojea hushtuka kabla ya risasi kutoka, ikaenda chini au kando. Silaha tupu haina mshindo, kwa hiyo ndiyo inayoufichua mshtuko huo na kuutibu.

Tena aanze na shabaha ya karibu, mita tano, kabla ya kumi, na kumi kabla ya ishirini na tano. Asione haya. Katika michezo ya Olimpiki bastola ya hewa hulengwa kwa mita 10, na pete ya ndani yenye alama kumi ina upana wa milimita 11.5 tu, ambao haufiki hata upana wa ukucha wa kidole gumba. Umbali mfupi haumaanishi kazi nyepesi. Na aliyepita umri wa miaka arubaini amwone tabibu wa macho, kwa kuwa umri hulidhoofisha jicho kuona kitu cha karibu, na kile kinundu cha kulengea huwa kama kimefunikwa na ukungu. Mtu anaweza kuulaumu mkono, kumbe kosa ni la miwani.

Ya tatu ni kidogo cha kudumu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni kidogo. Robo saa siku nyingi ni bora kuliko kutwa nzima mara moja kwa mwezi, kwa sababu mkono uliochoka hujifunza makosa na kuyazoea. Na baada ya kila zoezi aandike alichopata, ajihesabu mwenyewe kwa ukweli, wala asijipime kwa sifa za zamani.

Tuchukue mfano mmoja kutoka mbali. Károly Takács alikuwa askari wa Hungaria, hodari wa bastola. Mwaka 1938 bomu la mkono lilimlipukia, likauharibu mkono wake wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Alipotoka hospitali alianza upya kwa mkono wa kushoto, kimya kimya, na mwaka 1939 akashinda mashindano ya bastola ya nchi yake. Kisha vita vikaja, michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944 isifanyike. Akangoja. Mwaka 1948 mjini London, akiwa na umri wa miaka 38, alipata medali ya dhahabu ya bastola ya kufyatua kwa haraka, mita 25; na mwaka 1952 mjini Helsinki akaipata tena. Mtu huyu alikubali mkono wake wa kushoto uwe mwanafunzi ilhali wa kulia ulikuwa mwalimu. Kukubali huko ndiko kulikomfungulia mlango.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zetu, wengi katika nyinyi hamna bastola wala hamtaki kuwa nayo, na jambo hilo ni salama kwenu. Lakini ni nani kati yetu asiye na kitu alichokiweza akakiacha? Uko wapi msahafu ule uliouhifadhi juzuu kadhaa ukiwa mtoto? Mtume (S.A.W.) alitutaka tuishike Qurani kwa kuirudia, akaeleza kuwa inaponyoka upesi kuliko ngamia waliofungwa kamba. Iko wapi lugha ya Kiarabu uliyoisoma, enyi wanafunzi? Iko wapi sala ya usiku uliyoizoea Ramadhani, na mkono wako, ewe mama, uliokuwa ukiwasomesha watoto wa mtaa?

Shetani ana hila mbili kwa mtu wa namna hii. Humwambia kwanza kwamba ujuzi wake ungalipo, hana haja ya kuurudia. Akishaujaribu akaukosa, humgeukia na kumwambia kuwa umekwisha, na kwamba ni aibu mtu mzima kukaa na watoto. Hila ya kwanza ni kiburi, ya pili ni kukata tamaa, na dawa yake ni moja: kaa chini, uanze na ulichobaki nacho. Zimebaki sura fupi kumi? Zisome kumi hizo leo kwa usahihi, na kesho uongeze aya moja. Umeacha sala miaka mingi? Adhana ijayo ndiyo alifu yako. Wala asiwepo miongoni mwetu wa kumcheka mwenye kurejea, kwani watu wangapi wamezuiliwa mlangoni na kicheko cha waliomo ndani.

Uqba alikuwa mzee, Sahaba wa Mtume, aliyepata kuwa liwali, na bado akitembea juani baina ya shabaha mbili kuokota mishale yake mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie neema ulizotupa, na uturejeshee tulizozipoteza kwa uzembe wetu. Izuie mikono yetu na damu isiyo halali. Wape hekima na uangalifu waliokabidhiwa silaha za kutulinda. Zitie nuru nyumba zetu kwa Qurani, wasaidie wanafunzi wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.