Kemia katika Jiko la Ugogo

Leo twapenda kusema nanyi, hasa waalimu wenzetu na wazazi, juu ya kuwafundisha watoto elimu ya kemia. Mara nyingi tumewasikia waalimu wa vijijini wakisema kwamba jambo hili haliwezekani, kwa kuwa shule haina vyombo vya kioo wala dawa za maabara. Basi mwalimu huandika majina ubaoni, watoto huyanakili, na siku ya mtihani huyarudisha kama yalivyoingia. Mtoto wa namna hiyo aweza kutaja asidi kumi, asijue kwamba moja anaimung'unya kila siku katika ubuyu.

Mibuyu imejaa katika nchi hii ya Dodoma, na unga mweupe wa tunda lake una asidi ya sitriki, ile ile iliyomo katika ndimu. Alkali nayo haiko mbali: ni magadi, ambayo mama hutia kidogo katika chungu cha mlenda. Magadi ni chumvi za sodiamu zinazoganda katika maziwa ya Bonde la Ufa. Ziwa Magadi la Kenya limeitwa kwa jina hilo, na kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911.

Twaa vijiko viwili vya unga wa ubuyu, uukoroge katika nusu kikombe cha maji. Hatusemi kikombe kizima, maana wakati wa kiangazi maji ya Ugogo huchotwa mbali, na mama hatapendezwa kuyaona yakimwagwa kwa ajili ya elimu. Kabla ya kutia magadi, kila mtoto na aseme anatazamia kuona nini, na kwa sababu gani. Mwalimu asiliruke jambo hili, kwa kuwa mtoto asiyekisia hutazama tu kama atazamaye mazingaombwe. Kisha tia kijiko kimoja cha magadi yaliyotwangwa. Povu litafura, kwa sababu asidi imekutana na magadi na kuifukuza hewa iitwayo kabonidayoksaidi.

Ili watoto wajue kwamba hiyo si hewa ya kawaida, rudia jaribio kwa maji ya ndimu tatu katika jagi refu. Povu likitulia, mwalimu mwenyewe ashushe ndani kijiti kinachowaka, pasipo kugusa maji. Kitazimika, kwa kuwa hewa hii ni nzito nayo hukaa chini ya jagi. Lakini kamwe isitumiwe chupa iliyozibwa: hewa ikikosa njia, chupa hupasuka, na vigae vyake huweza kumpofusha mtoto. Vumbi la magadi pia lisiingie machoni.

Jaribio tulipendalo zaidi ni la choya. Chemsha maua yake makavu, upate maji mekundu, uyagawe katika vikombe vitatu. Katika kimoja kamulia ndimu: wekundu utang'aa. Katika cha pili tia magadi: maji yatageuka rangi ya kijani iliyofifia. Cha tatu kiachwe kilivyo, kiwe cha kulinganishia. Robert Boyle alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664 jinsi shira ya maua ya vayoleti ilivyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali. Mtoto wa Bahi au Kongwa aweza kuona jambo lilo hilo kwa choya ya sokoni.

Sasa mwache achukue matone machache ya maji ya mlenda uliopikwa kwa magadi, ayatie katika choya, aone mwenyewe. Hapo ndipo atakapouliza mbona mama hutia magadi. Mjibuni kweli: alkali hulainisha majani upesi na kuyahifadhi ukijani wake, lakini yakizidi huharibu vitamini C iliyomo. Kwa hiyo kipimo cha mama kuwa kidogo si uchoyo. Na akiuliza kwa nini chungu cha mlenda hakitoki povu kama kikombe cha ubuyu, msimjibu upesi. Mwacheni ajaribu kutia ndimu katika kijiko kimoja cha mlenda.

Maji ya choya huchacha yakilala. Yachemsheni mapya asubuhi ya somo.