Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne



Nimetakiwa niseme juu ya ushujaa, nami nitaanzia mbali, baharini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alikuwako baharia mmoja mweusi, John Lawson, katika manowari Hartford. Tarehe 5 Agosti 1864, katika ghuba ya Mobile, kombora liliwaangukia watu sita wa zamu yake, wengine wakafa, naye akaumia mguu. Aliambiwa ashuke akatibiwe, akakataa, akarejea kazini. Kwa hayo alipewa nishani kuu ya nchi yake. Ushujaa wake ulikuwa kutoondoka pale alipowekwa.

Sasa turudi mjini kwetu, kwa mtu ambaye ushujaa wake ulikuwa kuondoka. Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1958, alikuja Rwanda mwaka 1993 kuwa mwangalizi wa amani, hana silaha. Yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Aprili 1994, waangalizi waliamriwa wasijitie katika mambo hayo. Yeye akatoka. Watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana walikuwa mafichoni, wazazi wao wamekwisha uawa. Akawachukua kwa gari lake hadi Hoteli ya Mille Collines. Tangu hapo hakukoma. Watu watatu, watu watano kwa safari moja, maana gari halikuchukua zaidi. Na njiani bariyeri baada ya bariyeri, na penye bariyeri mapanga. Alipitaje? Kwa mzaha, kwa kicheko, na kwa sigara alizowagawia walinzi. Mimi huwakataza vijana sigara, na nitazidi kuwakataza. Walakini zile, hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu.

Nakiri kwamba jambo hili hunisumbua, kwa kuwa kila siku nawafundisha watoto wa madrasa utii. Lakini mkuu wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua, wala hakumzuia. Mimi ni nani hata niseme alikosa?

Tarehe 31 Mei 1994, akirudi makao makuu, kombora lilianguka karibu na gari lake penye kizuizi. Akafariki papo hapo, umri wake miaka 36. Aliowaokoa husemwa kuwa ni mamia, huenda hata elfu.

Rwanda ilimtunukia nishani ya Umurinzi mwaka 2010, akaipokea mjane wake. Mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaanzisha nishani ya ushujaa kwa jina lake, na mwaka 2016 jamaa zake wakawa wa kwanza kuipokea. Mwaka 2019 ikatunukiwa marehemu Chancy Chitete, askari wa Malawi, aliyeuawa Novemba 2018 upande wa Beni, Kongo Mashariki, akimwokoa mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa vitani. Mtanzania yule alipona.