Kikao Kabla ya Msingi
(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia, Nyakitonto, Kasulu)



Tumeombwa tuzungumzie nyumba bora: nyumba ya mwalimu, ya muuguzi, ya katekista, na hata zile tunazoishi sisi wenyewe. Tuna jambo moja la kusema. Nyumba isiyopoteza kuni wala fedha huanzia kwenye kikao. Mbunifu majengo na fundi wa kijijini wakikaa pamoja kabla ya msingi kuchimbwa, mengi huokolewa.

Tofali na msitu

Huku kwetu Kasulu na Kibondo tumezoea tofali la kuchoma. Linadumu, na mafundi wetu wanalimudu. Lakini tanuri hula magogo usiku na mchana, na matofali ya pembeni mara nyingi hutoka hayajaiva. Magogo hayo yanatoka katika miombo ile ile inayotupatia kuni za kupikia, nguzo na mahali pa kutundika mizinga ya nyuki. Majirani zetu wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996, nao wanahitaji kuni na miti ya kujengea. Msitu ukiisha hauulizi nani alikata, tutateseka wote.

Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamikia mazoea ya kudhani kwamba bila saruji na bati hakuna nyumba ya maana. Alitaka tuutazame upya udongo tulio nao. Wito huo bado unatuhusu.

Ipo njia ya tofali lisilochomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana. Udongo wa chini ya tabaka la rutuba huchanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha matofali hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki moja au zaidi. Kwa kuwa yanashikana yenyewe, udongo wa kujengea katikati yake hupungua sana.

Hata hivyo, si kila udongo unafaa. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Jaribio rahisi ni kutia udongo na maji katika chupa, kutikisa, na kuacha utulie: mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Fundi anajua udongo mzuri uko bonde gani. Mbunifu anajua ukuta utabeba uzito gani na saruji iwe kiasi gani. Saruji hutufikia kwa safari ndefu, hivyo kila mfuko una thamani. Mmoja wao akikosekana, ama tutaimwaga bure, ama ukuta utadondoka.

Na ikilazimu kuchoma, basi tuchome kwa akili. Matofali yakauke kabisa kwanza, maana tofali bichi hutumia kuni kukausha maji tu. Tanuri moja kubwa lililokandikwa vizuri ni afadhali kuliko madogo mengi. Pumba za mpunga na maganda ya kahawa nayo ni moto.

Ramani na jua

Mara nyingi ramani hutoka mjini, na fundi huiona siku ya kuchimba msingi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ramani iliyochorwa bila kuona kiwanja haijui upepo unatoka wapi wala maji ya mvua yanapita wapi.

Huku kwetu, pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Madirisha yatazamane ili hewa ipite, nayo yawe na wavu wa mbu. Chini ya bati kuwe na dari, kwa sababu bati tupu huunguza mchana na kuleta baridi usiku wa Juni. Paa litokeze vya kutosha kulinda ukuta wa udongo. Mambo haya yakiamuliwa kwenye karatasi gharama yake ni ndogo. Yakikumbukwa ukuta umesimama, ni kubomoa.

Wenzetu walivyofanya

Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, wabunifu kutoka Denmark walijenga nyumba sita za majaribio katikati ya miaka ya 2010. Kuta zilipitisha hewa, na baadhi zilikuwa na vyumba vya kulala ghorofani. Ndani kulikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache. Baadaye nyumba 110 za aina hiyo zilijengwa mkoani Mtwara. Tusiige kuta zile, kwani usiku wetu wa milimani si wa Tanga. Tuige utaratibu wa kuanza na hali ya mahali.

Huko Gando, Burkina Faso, mbunifu Francis Kéré alijenga na wanakijiji wenzake shule ya matofali ya udongo, ikakamilika mwaka 2001. Paa la bati liliinuliwa juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kabisa katika fani yake.

Ombi letu

Kwa kamati: msipitishe ramani yoyote kabla mbunifu na fundi hawajatembea pamoja kiwanjani, udongo haujapimwa, na fundi hajaulizwa maoni yake mbele yenu.

Kwa wafadhili: tunashukuru kwa kila bati na kila mfuko wa saruji. Tunaomba pia bajeti iwe na fungu la siku hizo za kikao na upimaji wa udongo. Siku hizo hazionekani kwenye picha ya uzinduzi, lakini ndizo zitakazoamua kama nyumba itasimama na kama msitu utabaki.