Jibu Hasi na Mafunzo ya Mtaalamu wa Maabara

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wakufunzi wa vyuo vya afya na wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo



Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya wataalamu wa maabara za afya ngazi ya stashahada. Kuhusu mtaala sitasema mengi, maana sote tunaufahamu. Kijana anatoka kidato cha nne akiwa amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia, anapanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NTA kwa miaka mitatu, kisha anaomba usajili kwenye Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Njia hiyo ipo na inapitika. Wasiwasi wangu ni kwamba kijana anaweza kuipita yote, akafaulu vizuri, na bado asiwe na uthabiti wa kuandika jibu hasi na kulisimamia.

Nianze na utafiti uliofanyika hapa kwetu. Mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, walifuatiliwa wagonjwa 870, watoto kwa watu wazima, waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 kati yao, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa na waganga kwamba wana malaria. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilionekana kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yamejificha nyuma ya jina la malaria mlikuwa na homa ya mgunda, brusela, homa ya Q na bakteria walioingia kwenye damu. Moshi ina malaria kidogo, kwa hiyo hatuwezi kuzichukua namba hizo tukazibandika Geita au Kigoma. Lakini hata utafiti wa awali, uliohusisha hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba chini ya nusu ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali ndio waliokuwa na vimelea kwenye damu.

Mwananchi hazisomi takwimu hizi, ila anayajua mambo yenyewe. Anaingia kwenye zahanati au maabara ya mtaani akiwa na homa na kuumwa kichwa, anatoka na majina matatu: malaria, taifodi na UTI. Hilo la taifodi mara nyingi limetokana na kipimo cha Widal, kinachotafuta kingamwili na wala si bakteria mwenyewe. Mtu aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonyesha kingamwili hizo, na aliyeambukizwa vimelea vingine kabisa pia anaweza. Usomaji mmoja wa Widal hautoshi kumtangaza mtu kuwa ana taifodi. Njia ya kuaminika ni kuotesha damu, ambayo hospitali zetu nyingi haziimudu. Mwanafunzi wetu anayajua haya na kwenye mtihani atayaeleza vizuri. Akienda fildi anakuta kitabu cha Widal kimejaa, anaambiwa ajaze mstari unaofuata, naye anaujaza.

Nije kwenye hadubini. Wapo wanaosema kipimo cha haraka cha malaria kimeimaliza kazi ya hadubini, na kwamba tunapoteza saa za wanafunzi bure. Siafikiani nao. Kipimo cha haraka hakihesabu vimelea. Aina tunayoitumia zaidi hunasa protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo aliyemaliza dozi juzi bado ataonekana ana malaria. Na wapo vimelea waliopoteza jini la protini hiyo, ambao kipimo hakiwaoni kabisa. Akiwapo mgonjwa mahututi wodini na tunataka kujua kama dawa inafanya kazi, hakuna cha kushika nafasi ya slaidi iliyoandaliwa vizuri na jicho lililofundishwa.

Slaidi iliyoandaliwa vizuri huanzia kwenye tone. Tone nene likiwa bado bichi, ukiweka slaidi juu ya gazeti, maandishi yasomeke kwa shida kidogo kupitia damu. Yakisomeka waziwazi tone ni jepesi mno, yasipoonekana kabisa ni zito na litabanduka wakati wa kuoshwa. Tone jembamba hukaushwa na kugandishwa kwa methanoli. Tone nene haliguswi na methanoli hata kidogo, kwa sababu tunataka maji ya rangi yazipasue chembe nyekundu na kuacha vimelea peke yao. Nimeona wanafunzi wanaotumbukiza slaidi nzima kwenye methanoli, kisha wanahangaika chini ya lenzi bila kuelewa kwa nini hawaoni kitu. Giemsa ya asilimia 10 inahitaji dakika 10 hadi 15, ya asilimia 3 inakwenda mpaka dakika 45, na maji ya kuichanganya sharti yawe na pH 7.2. Maji ya bomba yasiyopimwa huharibu rangi, na rangi ikiharibika jicho linadanganyika.

Jicho hudanganywa na mengi: mabaki ya rangi, vumbi, chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu. Ndiyo maana tunasisitiza rangi mbili, kiini chekundu na sitoplazimu ya bluu. Bila zote mbili usiandike kimelea. Na kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana, pitia maeneo 100 ya tone nene kwa lenzi ya mafuta. Tuseme kazi hiyo inakula dakika sita. Kwa saa nzima, mtu makini anasoma slaidi kumi. Asubuhi ya Jumatatu kwenye hospitali ya wilaya foleni haimpi nafasi hiyo, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kupitia maeneo kumi na tano, kukiona kidoa, kuandika 1+. Jibu chanya limemaliza kazi, mgonjwa karidhika kwamba ugonjwa umepatikana, na mganga hatauliza kitu.

Katika hospitali moja nilipokwenda kukagua wanafunzi, nilifungua rejesta ya maabara nikakuta ukurasa baada ya ukurasa wa 1+, tena ni kiangazi kikavu. Hapakuwa na idadi ya vimelea kwa chembe nyeupe 200, wala jina la aina ya kimelea. Nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa tatu anionyeshe slaidi moja aliyoisoma asubuhi ile. Aliitafuta kwa bidii, akaniwekea, tukaangalia kwa zamu. Hapakuwa na kimelea. Nilimuuliza kwa nini aliandika 1+. Akajibu kwa adabu, sauti ya chini, "Mwalimu, nikiandika hasi, daktari anairudisha."

Jibu hilo limenikaa moyoni, na silioni kama kosa la yule kijana. Tumemfundisha kupaka rangi na tumemfundisha kuhesabu. Hatukumfundisha la kufanya slaidi inaporudishwa. Hakuna somo kwenye ratiba zetu ambapo mwanafunzi anasimama mbele ya mganga aliyemzidi umri na cheo, akasema kwa heshima, "Dokta, nimeisoma mara ya pili, na mwenzangu ameisoma, hakuna vimelea; tutafute sababu nyingine ya homa." Maneno hayo yanafundishika. Tuyaigize darasani, mkufunzi awe mganga mkali, mwanafunzi ajibu, arudie mpaka sauti isitetemeke.

Uthabiti huohuo unahitajika sampuli inapopokelewa. Utafiti uliofanyika Padova, Italia, na kuchapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi mbili ya makosa ya maabara hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Kwetu mifano ni ya kila siku. Damu ya sukari imechukuliwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu badala ya kijivu, imekaa mezani saa tatu, chembe zimeendelea kuila sukari, na jibu linatoka chini kuliko hali halisi ya mgonjwa. Au damu ya chupa nyekundu haikutosha, mtu akaiongezea kutoka chupa ya zambarau. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau ina potasiamu na inakamata kalsiamu, kwa hiyo majibu yanaonyesha potasiamu ya kutisha na kalsiamu ya mtu anayekaribia kufa, hali mgonjwa amekaa kitandani anakunywa chai. Mwanafunzi anayelitambua hilo na kuirudisha sampuli wodini ameokoa zaidi ya yule aliyeipima haraka. Lakini kwenye fomu zetu za tathmini ya fildi tunahesabu vipimo alivyofanya. Sampuli alizozikataa kwa sababu sahihi hazina safu.

Faida ya jibu hasi linaloaminika tuliiona mwezi Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walipougua homa na kutokwa damu puani. Walioripotiwa kuugua walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na Uviko-19, majibu yakatoka hasi. Majibu hayo hasi, kwa kuwa yaliaminika, ndiyo yaliyowafanya wataalamu waendelee kutafuta mpaka wakaifikia homa ya mgunda, ugonjwa ambao una matibabu.

Sasa niseme ninachoomba. Kwanza, kila chuo kiwe na hazina yake ya slaidi zenye majibu yaliyothibitishwa, za malaria na za makohozi, zilizochanganywa hasi na chanya, na hasi ziwe nyingi. Mwanafunzi asiruhusiwe kwenda fildi ya mwaka wa tatu kabla hajazisoma kwa kiwango tutakachokubaliana, kutambua aina na kuhesabu pia. Akishindwa, arudie, saa alizokaa maabara zisimvushe. Gharama yake ni ndogo: slaidi, Giemsa, boksi la kuhifadhia, na mtu mmoja wa kuzitunza dhidi ya fangasi.

Pili, chati ya udhibiti wa ubora ya mashine ya kemia ichorwe na mwanafunzi kwa mkono, kila asubuhi, na aeleze kwa nini leo nukta imekwenda juu. Mashine nyingi zinaichora zenyewe, na wanafunzi wanaitazama bila kuisoma.

Tatu ni kwenu, wasimamizi wa hospitali. Najua mnavyolemewa. Mnapokea wanafunzi kumi na tano kwenye chumba chenye hadubini mbili, vyuo vinaleta barua na kuondoka, na mkono mtupu haulambwi. Nitaunga mkono pendekezo lolote la kupunguza idadi kwa kila kituo, na la vyuo kuchangia vitendanishi na kumleta mkufunzi akae nanyi, ashiriki foleni. Kwa upande wenu naomba mambo mawili: mwanafunzi asisaini jibu peke yake, na slaidi moja katika kila kumi alizosoma isomwe tena na mtu wa pili asiyejua jibu la kwanza. Kitabu cha usomaji huo wa pili kikae wazi, waganga wakione.

Naomba tuanze mjadala na hili la tatu, maana ndilo litakalohitaji makubaliano ya pande zote mbili kabla ya msimu ujao wa fildi.