Usinunue Ploti kwa Kuharakishwa



Kila mara magari huleta watu hapa Kisaju kuonyeshwa ploti. Safari ni ya bure, soda ni ya bure. Kisha muuzaji asema: "Zimebaki mbili tu. Jumatatu bei yapanda. Lipa kidogo sasa hivi ushikiwe yako." Yeye hupata fungu lake ukilipa, ukienda kufikiri hapati kitu. Ndiyo sababu akuharakisha.

Sisi wa reli twajua: dereva haondoshi gari kwa kelele za abiria, hungoja ishara. Nawe ungoje ishara tatu. Kwanza, chukua namba ya ploti uende ofisi ya ardhi Kajiado, uone ni ya nani na kama imewekwa rehani. Ramani aliyoshika muuzaji si hati. Pili, kama ni ardhi ya shamba, sheria ya mwaka 1967 yataka kibali cha Bodi ya Ardhi, nacho kiombwe katika miezi 6 tangu mapatano. Bila kibali mauziano ni bure. Tatu, shauriana na mwenzio nyumbani.

Muuzaji akikasirika, mwambie kwa heshima, "Ndugu, nitarudi." Ploti ya halali haikimbii, kiinua mgongo kikienda hakirudi.